Mwanamke wa Gauni la Kijani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Picha ya Matisse Akiwa Studio

Nakala ya picha hii imekuwa ikizunguka kutoka kikundi chetu kidogo cha kutazama picha hapa Iringa. Imeshafika Mafinga, Makambako na Mbeya kwa walimu walioomba kuiazima, na kila inaporudi inarudi na maswali, mengi yakiwa yaleyale. Nimeyajibu hapa kwa pamoja. Mengine yamepata majibu marefu kwa sababu picha yenyewe inadai hivyo, mengine yametosheka na mistari miwili. Penye maoni yangu nimesema ni maoni yangu.

Hii ni picha gani, ya nani, na ya asili iko wapi?

Ni kazi ya Mfaransa Henri Matisse (1869–1954), iliyochorwa kwa rangi za mafuta kwenye kanvasi (kitambaa cha kuchorea) kati ya mwishoni mwa 1916 na 1917. Inajulikana kama "Mchoraji Ndani ya Studio Yake". Kimo chake ni sentimita 146.5 na upana sentimita 97. Taifa la Ufaransa liliinunua mwaka 1945, na sasa imo katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris. Chumba unachokiona ndicho alichokuwa akifanyia kazi, namba 19 Quai Saint-Michel, ghorofani, kando ya mto Seine. Hiyo tunayoazimisha sisi ni karatasi tu, tena ndogo.

Sijasoma sanaa hata siku moja. Nianzie wapi kuitazama?

Anza kwa kuhesabu na kutaja. Ndani ya chumba kuna watu wangapi? Wawili: mchoraji aliyeketi akifanya kazi, na mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha kuegemea akiwa na gauni refu la kijani. Ukimhesabu na yule wa kijani aliye kwenye kanvasi, juu ya stendi ya kuchorea, wamefika watatu. Kuna kioo chenye fremu ya dhahabu yenye nakshi nyingi. Kuna dirisha, na nje ya dirisha kuna daraja na mji. Sehemu kubwa ya chumba ni nyeusi tii.

Sasa uliza maswali ya mtu mwenye udadisi wa kawaida. Nani ana nguo? Nani ana uso? Nani anamtazama nani? Kitu gani kimepewa nakshi na kipi kimeachwa kitupu? Ukishajibu hayo manne kwa macho yako mwenyewe, umeshafanya zaidi ya nusu ya kazi ya kutafsiri picha, na hujahitaji kitabu.

Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tumepitia masomo ya fasihi ambako kila kazi ilichambuliwa kwa orodha: dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa. Tukikutana na picha tunaharakisha kuitafutia ujumbe, nambari moja mpaka tano, kabla hatujagundua kwamba mmoja wa waliochorwa hana pua.

Ndiyo, kwa nini mchoraji hana uso? Na mbona anaonekana kama hajavaa kitu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mimi naona ndilo mlango wa picha nzima.

Mtazame tena. Kichwa chake ni duara lililopakwa rangi, bila macho wala mdomo. Mwili wake umewekwa rangi ya udongo, bila ukosi, bila vifungo, bila mkunjo wa shati. Matisse wa kweli alikuwa mtu wa miwani, ndevu zilizochongwa na suti. Picha zake za kamera za miaka hiyo zinamwonyesha kama karani wa benki. Kwa hiyo alijivua makusudi. Amebakiza umbo la mtu anayefanya kazi, akafuta kila kitu kingine kinachomtambulisha.

Ili uone uzito wake, kumbuka picha za Wafaransa waliomtangulia. Gustave Courbet mwaka 1855 alichora studio yake ikiwa imejaa watu: yeye yuko katikati na nguo zake zote, na mwanamke aliyesimama nyuma yake yuko uchi. Mwaka 1863 Édouard Manet alichora chakula cha mchana porini: wanaume wawili wamevaa makoti, mwanamke aliyekaa nao hana hata kitambaa. Kwa muda mrefu mpangilio ulikuwa huo. Mwanaume ana nguo, jina na cheo. Mwanamke ana mwili. Hapa Matisse amegeuza. Mwanamke ndiye aliyevaa, tena gauni lililojaa kitambaa, na mwanaume ndiye aliye mtupu.

Je, alifanya hivyo ili kumheshimu mwanamke? Siwezi kumwekea maneno mdomoni, na picha yake ya pili ya studio hiyohiyo, nitakayoieleza mbele, inavuruga jibu rahisi. Maoni yangu ni kwamba alikuwa anachora jinsi kazi inavyohisi kwa anayeifanya. Mtu aliyezama kwenye kazi haoni uso wake wala hana habari na shati alilovaa. Kinachojaa machoni mwake ni kile kilichoko mbele yake, na mbele yake kulikuwa na kijani.

Yule mwanamke ni nani?

Ni Mwitaliano aliyefahamika kwa jina la Lorette (utaliona pia likiandikwa Laurette). Alianza kukaa mbele ya Matisse mwaka 1916, na katika muda wa kama mwaka mmoja alichorwa karibu mara hamsini. Yumo akiwa na kilemba, akiwa na kikombe cha kahawa (wakulima wa kahawa wa Mbozi, sina uhakika ingewaridhisha), na akiwa na wanawake wengine wawili katika picha ya dada watatu. Gauni hili la kijani limeonekana pia kwenye picha nyingine, Lorette akiwa peke yake mbele ya ukuta mweusi, na hiyo iko jumba la makumbusho la Metropolitan Museum, New York. Ukiziweka pamoja unaona kwamba kanvasi iliyo kwenye stendi ndani ya picha yetu inafanana sana na ile. Yaani Matisse kachora picha yake mwenyewe ikiwa katikati ya kuchorwa.

Naomba tukae kidogo kwa Lorette, maana wageni wetu wengi humpita haraka kwenda kwa Matisse. Kukaa kuchorwa ni kazi, na ni ya malipo. Unakaa saa nyingi bila kutikisika, shingo inakufa ganzi, mguu unalala, na ukijikuna mwenye brashi analalamika. Siku moja tulijaribu: binti mmoja wa kidato cha tano alikubali kuketi ili wenzake wamchore, na kabla hata hawajamaliza mstari wa bega alikuwa ameshaomba kupumzika. Wakati wa kuitazama picha upya alisema kitu ambacho sikuwa nimekiwaza: "Hawa wote wawili wako kazini, ila mmoja tu ndiye aliyesaini." Nimeacha kutafuta sentensi bora kuliko hiyo.

Alikuwa na uhusiano naye?

Swali hili huja kwa kunong'onezwa, baada ya wengine kuondoka. Nilijibu hivi kwa dada mmoja wa Njombe na narudia: hakuna kitu kwenye kanvasi kinachokuambia. Ukitaka kuona ukaribu, pima umbali. Kati ya wale wawili kuna stendi ya kuchorea.

Na mke wake je?

Amélie Parayre, aliyeolewa na Matisse mwaka 1898, alikuwa mmoja wa modeli wake wa mwanzo wa kudumu, yaani watu wa kukaa kuchorwa. Biashara yake ya kofia ilisaidia kuilisha nyumba wakati picha za mumewe haziuziki. Ile picha ya 1905 ya mwanamke mwenye kofia kubwa, iliyowakasirisha watu wa Paris kwa uso wenye kijani na njano, ni yeye. Mwaka 1913 alimkalia tena kwa picha iliyoko sasa jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, na inasemekana alikaa zaidi ya mara mia moja. Uso wake humo ni wa kijivu, macho matupu kama tundu za kinyago. Yanasemwa pia kwamba aliiona akalia. Baada ya hapo hakuna tena picha kubwa ya aina hiyo ya Amélie. Miaka mitatu baadaye kiti cha studio kilikuwa cha Lorette. Unaweza kuliweka hilo mezani unapoitazama picha yetu, lakini usilitumie kama ufunguo wa kila kitu.

Weusi wote ule ni wa nini? Ni msiba?

Kwa sisi nyeusi ina habari zake, na mzee mmoja wa kanisa aliniambia wazi kwamba akiiona tu anasikia kengele. Sikumbishia. Mtu haachi macho yake mlangoni.

Ila angalia nyeusi hiyo inafanya kazi gani pale ilipo. Iko nyuma ya kijani, na kijani kinatoka mbele kwa nguvu. Iko jirani na dhahabu ya fremu ya kioo, na dhahabu inawaka. Iondoe kwa mawazo, weka ukuta wa krimu kama wa ofisi ya kata, uone kila kitu kinavyolegea. Kwa kawaida mchoraji hutumia nyeusi kutengeneza kivuli. Matisse katika miaka hii aliipaka kama rangi kamili, sawa na nyekundu au bluu, na mara nyingine kama mwanga wenyewe. Hapa chumba hakina kivuli hata kimoja cha kueleweka. Hiyo nyeusi ni ukuta, ni hewa, na pia ni kitu kinachotenganisha mwanamke na mchoraji.

Nasimama na jibu hilo, ingawa sikatai kwamba mwaka wenyewe ulikuwa mzito. Swali linalofuata linahusu hapo.

Mwaka 1916 dunia ilikuwa vitani. Mbona yeye anachora gauni?

Swali hili liliulizwa Mbeya na mwalimu wa historia, na aliliuliza kwa hasira kidogo. Ana haki.

Upande wa Ulaya, 1916 ni mwaka wa mapigano makubwa ya Verdun na Somme. Matisse alikuwa na miaka 44 vita vilipoanza. Aliomba kuandikishwa jeshini akakataliwa. Mama yake alikuwa Bohain, kaskazini mwa Ufaransa, nyuma ya mstari wa Wajerumani. Paris yenyewe haikuwa mbali na uwanja wa mapigano.

Upande wetu, mwaka uleule vita hivyohivyo vilipita kwenye milima hii. Mei 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilivuka mpaka likitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (leo Malawi na Zambia), likaichukua Langenburg Mpya, ambayo leo ni Tukuyu. Likapanda kupitia Njombe, na mwishoni mwa Agosti likaingia Iringa. Pande zote mbili zilitembea kwa miguu ya wapagazi. Vyakula vya vijiji vilichukuliwa, wanaume walichukuliwa, na njaa na maradhi vikamaliza kazi ambayo risasi hazikuifikia. Wakati brashi ya Matisse inatua kwenye lile gauni, kuna mtu wa ukoo wako pengine alikuwa na kreti ya risasi kichwani kwenye njia ya Lupembe.

Sasa, je, picha inakwepa? Wako wanaosema ndiyo, na kwamba mtu aliyekosa bunduki alijificha studio. Mimi naisoma hivi: vita havimo kama habari, vimo kama upungufu. Linganisha na kazi zake za 1911, zilizojaa vyombo, maua, mazulia, sanamu. Hapa kimebaki kiti, kanvasi, kioo, mtu na mtu. Nje ya dirisha kuna daraja na mji, lakini hakuna anayetazama huko. Wamefunga kazi kama watu wanaojua kuna nini nje. Yule mwalimu wa historia hakukubaliana nami, na mjadala wetu uliisha kwa sababu ya basi, siyo kwa sababu ya hoja.

Chumba kinaonekana kama kimekandamizwa, hakina kina. Alishindwa kuchora umbali?

Hakushindwa. Alisoma kwa mchoraji Gustave Moreau, na kwa miaka alikaa Louvre, jumba kuu la makumbusho la Paris, akinakili kazi za mabwana wa zamani, zikiwemo za Chardin na de Heem, moja baada ya nyingine. Alijua sheria za umbali vizuri kuliko wengi wanaomlaumu.

Kwa mtu wa kwetu hili halipaswi kuwa gumu. Chukua kitenge. Ua lililochapwa pale halina kivuli, halina upande wa nyuma, wala halikai "mbali" na ua la jirani, na hakuna mama sokoni Mwanjelwa aliyewahi kulirudisha kwa sababu hiyo. Anaangalia rangi zinavyosemezana na jinsi pambo linavyojaza kitambaa. Matisse alikulia Bohain, mji wa wafumaji, na maisha yake yote alikusanya vitambaa akivibeba kutoka studio moja kwenda nyingine. Alitaka kanvasi ikubali kwamba ni kitu bapa. Gauni la Lorette linapoonekana kama bonge moja la kijani, hilo ni chaguo.

Kioo na dirisha vinaashiria nini?

Kioo mara nyingi kwenye picha za studio kiliwekwa ili mchoraji ajionyeshe. Hapa kimetundikwa na urembo wake wote, na bado hakitusaidii kuuona uso wa mchoraji. Naona kuna utani ndani yake. Dirisha nimeshaligusa. Ukitaka kusema dirisha ni uhuru na kioo ni nafsi, sitakukamata, lakini nitakuuliza: ni kitu gani kwenye picha kimekuambia hivyo?

Nimesikia Matisse aliiga vinyago vya Afrika. Huo uso mtupu ni kinyago?

Alivinunua, hilo ni kweli. Mwaka 1906 alinunua sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Kongo, kwenye duka la vitu vya kigeni mjini Paris, na akamwonyesha Picasso. Kuanzia hapo nyuso zake nyingi zilianza kurahisishwa, na ile ya Amélie ya 1913 ni mfano ulio wazi. Kwa hiyo kusema kwamba sanaa ya kisasa ya Ulaya ilijifunza kurahisisha uso kwa mafundi wa Kiafrika ni sahihi, na inapaswa kusemwa bila kuona haya. Mafundi hao majina yao hayakuandikwa popote dukani. Ulaya ililipa bei ya kitu cha mapambo na kuondoka na shule nzima.

Ila kwa picha hii mahususi ningekuwa mwangalifu. Kinyago kina uso. Kina macho, kina mdomo, kina mtu aliyekusudiwa. Huyu mchoraji wetu hana. Namwona karibu zaidi na lile sanamu la mbao la viungo ambalo wachoraji hulitumia kujifunzia mikao.

Ile picha ya pili ya studio hiyohiyo ikoje? Na naweza kuwaonyesha wanafunzi?

Iko jumba la sanaa la Phillips Collection, Washington, tangu 1940. Chumba ni kilekile cha Quai Saint-Michel, na modeli ni Lorette yuleyule, lakini sasa amelala uchi juu ya kitambaa chekundu chenye maua. Mchoraji hayupo. Kiti chake kiko kitupu, na kiti kingine kimebeba picha ambayo haijakamilika. Dirishani mto unaonekana vizuri.

Ukiziweka mbili hizi pamoja zinasemezana ajabu. Kwenye moja mwanaume ni mtupu na mwanamke amevaa. Kwenye nyingine mwanamke amevuliwa na mwanaume katoweka. Na alipotoweka, kiti chake kitupu kimegeuka kuwa chako. Wewe mtazamaji ndiye uliyeketi pale. Watu wengine hapo hujisikia vibaya, na nadhani wana sababu nzuri. Picha inafanya kazi yake.

Kuhusu wanafunzi: kwa shule, tumia ya gauni la kijani. Inatosha, na ina maswali magumu zaidi. Ile ya Washington tunawaonyesha watu wazima, na hata hao tunawaambia kabla hatujafunua. Mwalimu unayetaka kuitumia kidato cha tano na sita, zungumza kwanza na mkuu wa shule na wazazi. Nimeona darasa zuri likifungwa kwa simu moja ya mzazi ambaye hakuwa ameelezwa chochote. Wanaosema uchi wowote kwenye picha ni dhambi siwabishii kwa dini yao; nawaomba tu wasiseme picha zote mbili ni kitu kimoja.

Hivi hakuna mwanamke aliyetoka kwenye kile kiti akashika brashi?

Yuko, na ninampenda kuliko Matisse. Suzanne Valadon, aliyezaliwa 1865, mtoto wa mama mfanya kazi za kufua na kufagia, alianza kukaa kuchorwa akiwa binti mdogo huko Montmartre, mtaa wa Paris. Aliwakalia wachoraji Puvis de Chavannes, Renoir na Toulouse-Lautrec. Mwanamke anayecheza dansi katika picha ya Renoir ya Bougival ya 1883 ni yeye. Akiwa amekaa pale bila kutikisika, alikuwa anatazama jinsi wanavyofanya. Akaanza kuchora mwenyewe, mchoraji Degas akanunua kazi zake na kumtia moyo, na mwaka 1894 akakubaliwa kuonyesha katika maonyesho makubwa ya Paris.

Mwaka 1923 alichora picha inayoitwa "Chumba cha Bluu". Mwanamke mnene kiasi amejilaza kitandani, mkao uleule wa wale wanawake uchi wa karne zilizopita. Lakini huyu amevaa suruali ya milia na kifulana, ana sigara mdomoni, vitabu vimelala miguuni pake, na hana habari nawe kabisa. Ukishaiona hiyo ukarudi kwa Lorette, unaanza kujiuliza yeye alikuwa anawaza nini chini ya kijani chote kile. Tukipata fedha ya kuchapisha nakala nyingine, ni hiyo.

Sisi tuna wachoraji wa kisasa, au tunasoma ya wenzetu tu?

Tunao. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame 1923, alisoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade jijini London; mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini kwetu, akaenda Dar es Salaam na kupaka rangi za baiskeli kwenye hadubodi (ubao mwembamba mgumu), akauza kazi zake nje ya maduka ya Oysterbay mpaka alipouawa 1972. Na kabla ya hao wote, hapa Iringa pale Igeleke kuna mwamba wenye watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, wasio na kivuli wala umbali, na wenye uhai wa kutosha. Peleka wanafunzi wako huko kwanza. Nauli ni ya bajaji.

Nilichokikosa kwa wachoraji wetu hao ni chumba. Ntiro alichora kijiji kutoka kwenye kumbukumbu. Tingatinga alichora mbele za watu. Studio yenye mlango uliofungwa, mtu mmoja akimtazama mwingine siku nzima kwa malipo, ni desturi ya kigeni, na nadhani ndiyo maana picha hii inatusumbua kwa namna ambayo haimsumbui mtu wa Paris.

Mwanangu wa darasa la pili angeweza kuchora hivi.

Mpe karatasi ajaribu, kisha mtuletee.

Tafsiri yangu ni tofauti na yako. Nani yuko sahihi?

Tutazame yupi anaonyesha kwa kidole. Ukisema mwanamke ana huzuni, nionyeshe: ni mkao, ni mkono, ni rangi iliyo karibu na kichwa? Ukionyesha, tafsiri yako inasimama hata kama mimi sikuiona. Ukishindwa, hiyo ni hisia yako ya siku hiyo, nayo ni halali, lakini iite kwa jina lake. Kitu kimoja sikikubali: mtu anaposoma habari za maisha ya Matisse kwenye simu, kisha anazirudia akiwa ameipa picha mgongo.

Natakiwa kuandika insha kuhusu picha. Niandikeje?

Aya ya kwanza eleza unachokiona kwa mtu asiyeiona, kama unamsimulia bibi yako kwa simu. Usitumie neno "huashiria" hapo. Aya zinazofuata, chagua jambo moja lililokushangaza ulifuate mpaka mwisho: nguo, au nyeusi, au kanvasi iliyo ndani ya kanvasi. Tarehe na majina weka pale yanapoisukuma hoja. Walimu wanaosahihisha wananiambia insha nyingi hufa kwa sababu zinataka kusema kila kitu.

Kwenye simu yangu kijani ni tofauti na cha kwenye nakala yenu. Kipi cha kweli?

Hakuna kati ya hivyo. Simu inaongeza mng'ao, printa ya steshenari inazamisha nyeusi mpaka inakula kingo za kiti. Linganisha picha kadhaa kutoka tovuti za majumba ya makumbusho yenyewe, uchukue wastani. Jambo ambalo unaweza kulipata sawasawa ni ukubwa: chukua futi kamba na chaki, piga mstatili wa sentimita 146.5 kwa 97 ukutani, simama mbele yake. Watu hushangaa kwamba mchoraji aliye ndani siyo mdogo kama walivyodhani.

Nawezaje kuiazima nakala?

Kwa walimu na vikundi, bure, kwa wiki mbili. Usiikunje. Iviringishe ndani ya kipande cha bomba tulichokupa, na ikiwa unaituma kwa basi, mwambie kondakta asiiweke chini ya magunia ya viazi.